Diski, Fimbo na Soko: Thawabu na Adhabu katika Matumizi ya Lugha Kisumu na Mwambao wa Ziwa Viktoria

Katika mazungumzo ya kila siku maneno thawabu na adhabu humhukumu mtu. Thawabu ni malipo ya aliyetenda mema, na katika matumizi ya kidini ni malipo ambayo aghalabu hungojewa mpaka Akhera. Adhabu humshukia aliyekosa. Wataalamu wa saikolojia ya tabia wanayo mawazo yaliyo karibu na hayo, lakini wao hawaulizi kama mtu alistahili alichopata. Huuliza jambo moja tu: baada ya tendo kufuatwa na tokeo fulani, je, tendo hilo lilizidi kutendwa, au lilipungua? Likizidi, tokeo lile huitwa kiimarisho, hata kama aliyelileta alikusudia kuumiza. Likipungua, tokeo lile ni adhabu, hata kama aliyelileta alikusudia kusifu. Mwalimu anayemkaripia mtoto mtundu mbele ya darasa zima, na mtoto yule akazidisha utundu kwa kuwa wenzake wote wamegeuka kumtazama, hajamwadhibu kwa maana hii ya kitaalamu. Amemlipa.

Tofauti hiyo ya maana, ambayo huonekana ndogo, ina uzito mkubwa katika historia ya lugha shuleni, hasa katika nchi ambamo mtoto huenda shule na lugha moja na kuikuta nyingine ikimngojea mlangoni. Mahali pafaapo kuchunguza jambo hili ni Kisumu na mwambao wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ziwa ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, lugha tatu zimekaa hapo pamoja: Kiluo cha nyumbani, ambacho wenyewe hukiita Dholuo, Kiswahili cha soko, bandari na garimoshi, na Kiingereza cha shule na ofisi. Kila moja imefundishwa chini ya utaratibu wake wa malipo na maumivu, na mazao yake hayakufanana.

Kabla ya kufika huko yafaa kueleza kwa ufupi misingi ya elimu yenyewe. Mwaka 1898 Edward Thorndike wa Marekani alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya paka waliofungiwa katika visanduku vyenye komeo. Paka alikwaruza, akauma, akasukuma huku na huku, mpaka kwa bahati akagusa komeo, akatoka na kupata chakula. Aliporudishwa tena na tena, matendo yasiyo na faida yalipungua na lile la kugusa komeo likabaki. Thorndike akatoa kanuni kwamba tendo lifuatwalo na ridhaa huimarika. B. F. Skinner, katika kitabu chake cha mwaka 1938, aliendeleza kazi hiyo kwa panya waliobonyeza kijiti ili wapate chakula, na baadaye akagawanya viimarisho mafungu mawili. Kiimarisho chanya ni kupewa kitu kinachopendeza. Kiimarisho hasi ni kuondolewa kitu kinachoudhi, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, wakidhani kwamba kiimarisho hasi ni jina jingine la adhabu. Sivyo. Anayelala Kisumu bila chandarua husumbuliwa na mbu masikioni; akikishusha, udhia hukoma, na kesho yake atakishusha mapema zaidi. Hakuna aliyeadhibiwa hapo. Tendo la kushusha chandarua limeimarishwa na nafuu iliyolifuata.

Jambo jingine lililogunduliwa ni kwamba kiimarisho hakihitaji kuja kila mara. Mvuvi wa Dunga anayetega ndoana za mbuta hajui ni mtego upi utakaomletea samaki. Leo huvuta kamba tupu, kesho vivyo hivyo, keshokutwa mashua hujaa. Ferster na Skinner walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1957 kwamba tabia inayolipwa kwa kubahatisha namna hiyo hushika mizizi kuliko ile inayolipwa kila mara, na hata malipo yakikatika huchukua muda mrefu kufifia. (Mashine za kamari zimetengenezwa juu ya msingi huu huu, kwa madhara yanayojulikana.) Adhabu haina bahati hiyo. Adhabu inayokuja mara moja katika kumi humfundisha mtu kuzihesabu zile mara tisa alizopona.

Ama kuhusu nguvu ya adhabu yenyewe, watafiti walishangazwa na waliyoyaona. Thorndike aliamini hapo kwanza kwamba adhabu hudhoofisha tendo kwa kadiri ile ile ambayo thawabu huliimarisha. Katika miaka ya 1930 alilibadili wazo hilo, na jaribio mojawapo lililombadili lilikuwa la lugha. Watu wasiojua Kihispania waliwekewa maneno ya lugha hiyo, kila neno na maana tano za kuchagua. Wakichagua sawa waliambiwa ni sawa, wakikosea waliambiwa wamekosea. Waliosikia kwamba wamepata waliyarudia majibu yao mema. Lakini kule kuambiwa kwamba wamekosa hakukuwaondolea makosa kwa kiasi cha kutajika. Skinner naye aliwapiga panya miguuni walipobonyeza kijiti: waliacha kwa muda, kisha wakarudia, na mwishoni walikuwa wamebonyeza karibu sawa na wale ambao hawakupigwa. Mwaka 1944 W. K. Estes alipata matokeo ya namna hiyo kwa kutumia mshtuko wa umeme. Tendo lilijificha tu, halikufa.

Haitakuwa haki kusema kwamba adhabu haifanyi kazi kamwe. Azrin na Holz, katika uchambuzi wao wa mwaka 1966, walionyesha kwamba yaweza kuzuia tendo kabisa ikitimiza masharti: iwe kali tangu mwanzo, ifuate tendo papo hapo, ifuate kila tendo bila kukosa, na aadhibiwaye awe na njia nyingine ya kupata alichokuwa akikitafuta. Waswahili waliligusa sharti la pili waliposema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ugumu ni kwamba masharti haya hutimizwa kwa urahisi katika kijumba cha maabara chenye panya mmoja, si katika uwanja wa shule wenye watoto mia nne.

Sasa na itazamwe diski. Kwa jina hilo kilijulikana katika shule nyingi za Kenya kipande cha ubao au bati, pengine chenye uzi wa kuvalia shingoni, alichopewa mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya mama yake shuleni. Katika shule nyingine kiliitwa monita. Aliyekishika alitakiwa kutega sikio mpaka amnase mwenziwe kwa kosa lile lile, amkabidhi, naye awe huru. Jioni mwalimu alikiulizia. Aliyekutwa nacho, na mara nyingine wote waliokipokea siku hiyo kwa kufuatana, walichapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameueleza utaratibu huu katika kitabu chake cha mwaka 1986 kwa kukumbuka shule yake ya Limuru katika miaka ya 1950, na maelezo yake ndiyo yanayotajwa zaidi. Lakini jambo lenyewe halikuwa la Limuru peke yake. Shule za mwambao wa ziwa zililijua, na mbali na Afrika lilitangulia huko Wales, ambako katika karne ya 19 mtoto aliyesema Kiwelshi alivishwa kibao chenye herufi WN, na katika shule za Ufaransa zilizowakataza watoto Kibretoni.

Si kwamba Kiluo kilifukuzwa shuleni tangu siku ya kwanza. Wamisionari waliofungua Shule ya Maseno mwaka 1906 walihitaji Kiluo ili wahubiri. Agano Jipya lilitoka katika lugha hiyo mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Madarasa ya chini yalifundishwa kwa lugha ya nyumbani. Shinikizo lilizidi baadaye, Kiingereza kilipokuwa ndicho ngazi ya kupandia kutoka darasa hadi darasa, na hasa mwishoni mwa ukoloni ulipoenea mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Elimu ya mwaka 1964, ambayo mwenyekiti wake, Simeon Ominde, alikuwa Mluo, iliunga mkono Kiingereza tangu mwanzo. Ni Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 iliyopendekeza kuirudisha lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya kwanza. Sera, basi, ilikwenda na kurudi. Diski haikuisikiliza. Ilikaa katika mfuko wa kiranja, na kiranja hasomi ripoti za tume.

Tuseme mtoto amesema sentensi ya Kiluo saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, akimwomba mwenziwe mpira. Mara hiyo hiyo amepata mpira. Yaani Kiluo kimelipwa papo hapo. Diski nayo amepewa, lakini kufikia adhuhuri amekwisha kumpa mwingine. Saa kumi jioni anachapwa mtoto wa tisa au wa kumi katika mfuatano huo, na kilicho karibu zaidi na maumivu yake si sentensi aliyosema bali ni kule kukosa wa kumkabidhi. Sharti la upapo hapo halikutimia, wala lile la kila tendo. Sentensi elfu zilipita bila kusikika na moja ikanaswa. Kwa kipimo cha wanasaikolojia hiyo ni adhabu dhaifu mno kwa kosa ililokusudiwa.

Palikuwapo, hata hivyo, tendo moja lililoimarishwa barabara kila siku, nalo ni upelelezi. Mtoto mwenye diski yumo katika hofu. Akimnasa mwenziwe, hofu huondoka papo hapo, kila mara, bila kukosa. Hiki ni kiimarisho hasi kilichotimiza masharti yote. Ndiyo sababu watoto walijifunza kujibanza nyuma ya choo, kumkanyaga mwenzao kidole ili apige ukelele wa lugha ya mama, na kumwuliza jambo kwa Kiluo kwa sauti ya urafiki. Hakuna mwalimu aliyeandika somo hilo katika ratiba yake, lakini lilifundishwa kwa ustadi kuliko masomo yote.

Tendo la pili lililoimarishwa ni kunyamaza. Mtoto wa darasa la tatu aliyejua Kiingereza kidogo alikuwa na njia tatu: aseme Kiluo apewe diski, aseme Kiingereza kibovu achekwe, au afunge mdomo. Njia ya tatu haikuwa na hatari yoyote. Sharti la nne la Azrin na Holz, la kumpa anayeadhibiwa mlango mwingine, lilikuwa limevunjwa, maana mlango wa Kiingereza ulikuwa bado haujafunguliwa kwake. Mwalimu aliyelalamika kwamba wanafunzi wake hawajibu maswali alikuwa akivuna alichopanda.

La tatu linahusu mahali. Kiumbe anayeadhibiwa hujifunza upesi dalili za kuwapo kwa adhabu: taa ikiwaka, mshtuko uko karibu, ikizimika, hakuna. Lango la shule lilikuwa taa hiyo. Ndani yake Kiluo kilinong'onwa, hatua moja nje yake kilimwagika kwa kelele. Hakuna mtoto aliyesahau Kiluo kwa ajili ya diski. Alichojifunza ni kukihusisha na kosa, na hilo ni jambo jingine. Wanasaikolojia walikwisha kuonyesha kwamba kitu kisicho na madhara kikitangulia maumivu mara nyingi, chenyewe hugeuka kuwa cha kutisha. Sauti za lugha ya nyumbani zilipotangulizwa mbele ya fimbo miaka saba mfululizo, haya ikazigandama. Na haya haikomei langoni, kwani mtu huibeba mpaka ukubwani, mpaka kwa watoto wake.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini njia dhaifu hivi ilidumu. Skinner alilijibu swali hili kwa kumgeuzia kioo mwenye fimbo. Mwalimu anapochapa, kelele hukoma mara moja. Mchapaji amelipwa papo hapo, hata kama kelele zitarudi kesho. Kwa hiyo kesho atachapa tena. Fimbo humfundisha anayeishika upesi kuliko inavyomfundisha anayechapwa. Methali ya mchelea mwana kulia hulia yeye humtuliza moyo, lakini methali hiyo inawaonya wanaoogopa kumkataza mtoto. Haikusema lolote juu ya kumchapa kwa sababu ya lugha aliyofundishwa na mama yake.

Sheria za Kenya zilijaribu kuitia fimbo hatamu. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 ziliiruhusu kwa masharti: kosa lichunguzwe kwanza, kiboko kisitolewe mbele ya wanafunzi wengine, na kiandikwe. Masharti hayo ya kiutu yanaleta fumbo la kuvutia, maana uchunguzi huichelewesha adhabu, na adhabu iliyochelewa ni dhaifu kwa kipimo cha maabara. Haki na ufanisi zilivuta kamba huku na huku. Diski haikuyajali masharti hayo, kwani nguvu yake yote ilikuwa katika kuonekana na wote. Mwaka 2001, kwa Tangazo la Kisheria nambari 56, viboko vilipigwa marufuku shuleni. Katiba ya mwaka 2010 ikamlinda kila mtu na adhabu ya viboko katika kifungu cha 29, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya mwili na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Fimbo haikutoweka kwa maandishi hayo yote, na sababu yake imekwisha kuelezwa: anayevunja sheria hulipwa sasa hivi, na hukumu yake, kama itakuja, iko mbali.

Kiswahili kilifika kwa wenyeji wa Kisumu kwa njia tofauti. Jumapili katika soko la Kibuye hukutana Mluo, Mluhya kutoka Vihiga na Kakamega, Mkisii, Mhindi na Mswahili wa Kaloleni. Mwanamke auzaye omena kwa gorogoro, ambaye hakupita darasa la nne, hujua Kiswahili cha kumwita mteja, cha kutaja bei, cha kukataa kupunguza na cha kukubali kuongeza kidogo juu ya kipimo. Hakuna aliyemvisha kibao. Kila neno lililoeleweka lilifuatwa na shilingi mkononi, na lisiloeleweka lilifuatwa na mteja kwenda kwa jirani. Hayo ndiyo mazingira ambayo Skinner angeyachora kama angeombwa: tendo, tokeo, papo hapo, mara nyingi kwa siku.

Lakini soko nalo lina ukomo wake, na hapa wapenzi wa Kiswahili sanifu wana la kujifunza. Kiluo hakina ngeli zenye viambishi vya upatanisho kama za Kiswahili. Anayetoka katika lugha hiyo husema “viti mbili” na “kitu mzuri”, na viti huuzwa vile vile, kwa bei ile ile. Hakuna shilingi ya ziada kwa anayesema “viti viwili”. Basi Kiswahili cha soko hukua kwa kasi mpaka pale biashara inapotosheka, kisha husimama. Kiimarisho hufundisha kile hasa kinachokilipia, na zaidi ya hapo hakiendi. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi mwaka 1985, pamoja na mfumo wa 8-4-4, upatanisho wa ngeli ulipata mlipaji kwa mara ya kwanza.

Matamshi ni mlango mwingine wa kuonea jambo hili. Kiluo hakina sauti z wala sh, na mzungumzaji wake akianza Kiswahili husema “sindano” akikusudia shindano, “sana” akikusudia zana, na akitafuta shoka hutaja soka. Wakenya wa makabila mengine wamelifanya jambo hilo mzaha wa miaka mingi. Kicheko cha namna hii ni adhabu, tena yenye kutimiza masharti yote, kwani huja papo hapo na mbele ya watu. Matokeo yake si matamshi mema. Aliyechekwa huanza kuyakwepa maneno yenye sauti hizo, na kila neno alilolikwepa humpa nafuu, na nafuu hiyo humwimarishia ukwepaji. Msamiati wake hupungua, na s yake hubaki palepale.

Mwalimu apendaye kuisahihisha anayo njia iliyochunguzwa vizuri, ambayo wanasaikolojia huiita kwa neno lenye maana ya kufinyanga. Wafinyanzi wa mwambao wa ziwa hawangehitaji kuelezwa. Chungu hakiumbwi kwa pigo moja. Udongo husukumwa kidogo, hukubaliwa, husukumwa tena. Kwanza mwanafunzi asifiwe kwa kutambua kwa sikio kwamba sindano na shindano ni maneno mawili. Siku kadhaa baadaye asifiwe kwa sauti yoyote iliyorudi nyuma kidogo ya meno, hata isipokuwa sh kamili. Kisha kwa neno moja moja, kisha katika kusoma polepole, na mwisho katika mazungumzo. Kipimo hupandishwa hatua kwa hatua, na hatua iliyopitwa hailipwi tena. Kazi hiyo ni ya subira, wala haimpi mwalimu ile raha ya haraka ambayo fimbo humpa.

Isidhaniwe kwamba thawabu haina hila zake. Kaskazini ya Kisumu, katika wilaya za Busia na Teso, ulifanyika mpango katika miaka ya 1998 na 1999 ambao wachumi Glewwe, Ilias na Kremer waliuchunguza. Walimu wa shule za msingi 50 waliahidiwa zawadi kwa kadiri ya matokeo ya wanafunzi wao katika mitihani, wakalinganishwa na wenzao wa shule nyingine 50. Alama zilipanda katika mitihani iliyohesabiwa kwa ajili ya zawadi. Walimu walizidisha vipindi vya kujitayarisha kwa mtihani. Lakini hawakupunguza kukosa kuja kazini, wala hawakutoa kazi zaidi ya kufanyia nyumbani, na mpango ulipokwisha faida ile haikudumu. Zawadi ililipia alama, ikapata alama. Ni yale yale ya soko la Kibuye na viti mbili.

Upo ukosoaji mzito zaidi wa elimu hii, nao umetoka kwa wanaisimu wenyewe. Skinner alipotoa kitabu chake juu ya lugha mwaka 1957, akidai kwamba usemi ni tabia kama nyingine na hufinyangwa na viimarisho, Noam Chomsky alimjibu mwaka 1959 kwa uhakiki ambao wengi huuhesabu kuwa ndio uliouvunja uwezo wa nadharia hiyo katika isimu. Mtoto husema sentensi ambazo hakuzisikia kamwe wala hakusifiwa kwazo. Mwaka 1970 Roger Brown na Camille Hanlon waliongeza kwamba wazazi waliowachunguza waliwakubalia watoto kwa ukweli wa walichosema, si kwa usahihi wa sarufi. Mtoto anayesema jambo la kweli kwa sarufi mbovu hukubaliwa, na bado sarufi yake hunyooka.

Ukosoaji huo hauna budi kukubaliwa, lakini kwa mipaka yake. Swali la jinsi mtoto wa Nyakach anavyopata sarufi ya Kiluo akiwa na miaka mitatu halijibiwi na panya wa Skinner. Swali la mtoto huyo huyo akiwa na miaka kumi, la lugha gani athubutu kuifungulia mdomo, wapi, na mbele ya nani, ni swali jingine, na hilo linajibiwa na thawabu na adhabu kwa usahihi wa kutisha. Diski haikugusa ujuzi wa lugha. Iligusa matumizi yake, na lugha isiyotumika haimfikii mtoto wa kizazi kijacho.

Hapo ndipo hali ya sasa ya Kisumu inapostahili kutazamwa bila kudanganyika na ukubwa wa idadi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Waluo zaidi ya milioni 5. Ziko redio zinazotangaza kwa Kiluo mchana kutwa, ziko ibada, ziko nyimbo. Grace Ogot aliandika Miaha kwa Kiluo, ikatoka mwaka 1983, na Asenath Bole Odaga alichapisha vitabu vya Kiluo mjini Kisumu kwenyewe. Lakini katika baadhi ya nyumba za mjini hukua watoto wasioweza kukisema, na katika nyumba hizo hakuna aliyechapwa kwa ajili yake. Kinachotokea humo kina jina katika saikolojia: ni kufifia, yaani kupotea kwa tendo ambalo halikuadhibiwa ila limekosa kulipwa. Mtoto hujaribu neno la Kiluo alilolisikia kwa yaya. Baba hujibu kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili, wote kwa upendo. Neno halikuleta mpira, wala chai, wala tabasamu. Baada ya miezi michache halijaribiwi tena. Mzazi anayefanya hivyo mara nyingi ni yule aliyewahi kushika diski, naye huona kwamba anamwepusha mwanawe na fedheha.

Kinyume chake huonekana likizo ya Agosti ifikapo, watoto hao wanapopelekwa kwa bibi zao Seme, Asembo au Nyakach. Bibi hajui Kiingereza, na Kiswahili hakipendi. Siku mbili za kwanza mtoto huonyesha kwa kidole. Siku ya tatu huwa na njaa, na husema “kuon”, yaani ugali. Bibi humwandalia ugali papo hapo, na samaki juu yake.